Mwezi wa juu

Mdogo wangu alipotuambia kwamba sherehe ya harusi yake anataka ifanyike Unguja, ufukweni, mjomba aliweka kikombe chake cha chai chini akauliza, "Na mama?" Mama aliyemtaja ni bibi yetu.

Kilikuwa kikao cha kwanza cha familia, Jumapili jioni, nyumbani kwetu Kinyerezi. Tulikaa barazani watu kumi na wawili, daftari la mhazini likiwa bado jeupe. Bibi alikuwa chumbani akipumzika, na kila mmoja wetu alijua kwamba hajapanda chombo chochote cha majini tangu tarehe 21 Mei 1996, siku meli ya MV Bukoba ilipozama Ziwa Victoria ikiwa imekaribia Mwanza. Mdogo wake wa kiume alikuwa ndani. Tumekulia katika nyumba ambayo habari hiyo haisimuliwi, inajulikana tu.

Kikao kiliisha kwa kunikabidhi mimi kazi ya hoteli, maana ndiye dada mkubwa. Nilipewa miezi minane na masharti matatu. Mdogo wangu alitaka jua lizame baharini mbele ya wageni. Shemeji alitaka mahali palipotulia, pasipo na umati. Mjomba alitaka bibi awepo. Tangu harusi ipite nimekuwa nikipigiwa simu na watu wa hapa Dar wanaotaka kufanya kama sisi, na karibu wote wanaanzia mahali nilipoanzia mimi, kwenye picha.

Picha za hoteli za Zanzibar nilizozitazama, karibu zote zilipigwa maji yakiwa yamejaa. Hilo sikulijua wakati ule. Nilikaa wiki nzima na simu mkononi nikitazama mabwawa ya kuogelea yanayoonekana kama yamemiminika baharini, vitanda vyenye vyandarua vyeupe, meza zilizopangwa mchangani kwa mishumaa. Nikapata orodha ya hoteli kumi na moja, na kila niliyoitazama niliona ndiyo hiyo. Kilichoniokoa ni kwamba mjomba alikataa kutoa hata shilingi ya advansi kabla mtu wa familia hajaenda kuona kwa macho.

Boti ya kasi kutoka bandarini kwetu hadi Unguja ni karibu saa mbili. Nililala Mji Mkongwe, na asubuhi yake nikachukua gari kuelekea kusini mashariki, barabara inayopita msitu wa Jozani, kwenye kima punju. Bila kujua nilikuwa nimeenda siku ya mwezi mpevu. Saa nne asubuhi nikaingia hoteli ya kwanza katika orodha, upande wa Jambiani. Ilikuwa nzuri kuliko picha zake: makuti yaliyoezekwa kwa ustadi, milango ya nakshi, maji ya madafu yaliyoletwa kabla sijauliza. Nikapita bustanini mpaka ufukweni, na bahari haikuwepo.

Mbele yangu palikuwa na uwanda wa mchanga mweupe, madimbwi na majani ya bahari, ngalawa zimelala ubavu. Mbali kabisa, pale mawimbi yanapopasukia kwenye mwamba, ulionekana uzi mweupe. Katikati ya uwanda huo wanawake walikuwa wameinama kwenye mashamba yao ya mwani, kamba zimefungwa kwenye vijiti mistari kwa mistari. Kilimo hicho kimekuwa katika vijiji hivi tangu mwisho wa miaka ya 1980, na wengi wanaokifanya ni wanawake.

Mmoja wao, mtu mzima, alikuwa anapanda ufukweni na gunia kichwani. Nikamwamkia.

"Shikamoo bi mkubwa."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kuoga? Leo bamvua, rudi alasiri."

Nikamweleza kwamba nimekuja kutafuta mahali pa harusi ya mdogo wangu, saa kumi na moja jioni, na nilitaka bahari iwe karibu. Akashusha gunia.

"Mwezi gani?"

"Septemba."

Akatikisa kichwa, akanyoosha kidole angani. "Hapana, mwanangu. Nakuuliza mwezi wa juu."

Nilizaliwa Dar, nimeishi kilomita chache kutoka baharini maisha yangu yote, na jambo hilo hakuna aliyewahi kunifundisha. Sisi wa bara waliozaliwa mjini tunakwenda Coco Beach tukiyakuta maji yalipo, tunakula mihogo, tunarudi nyumbani. Yule mama alisimama na mimi juani muda mrefu, na aliyonieleza nimeyahakikisha baadaye kwa majedwali ya maji na kwa macho yangu mwenyewe.

Bamvua huja mara mbili kila mwezi, mwezi unapoandama na mwezi unapokuwa mpevu. Siku hizo jua na mwezi huvuta kwa mstari mmoja, maji yakapanda sana na yakashuka sana. Katika pwani yetu tofauti kati ya kujaa na kupwa hufika mita 3 hadi 4. Mwezi ukiwa nusu huja maji mafu, na tofauti hiyo hupungua hadi kama mita 1. Lililonishangaza zaidi ni kwamba saa zake hazibahatishi. Siku za bamvua, Unguja na Dar, maji hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa karibu na saa nne, asubuhi na usiku. Halafu kila siku inayofuata yanachelewa, kwa wastani kama dakika 50. Kwa hiyo ukijua mwezi wa juu una siku ngapi, unaweza kujua saa kumi na moja ya harusi yako bahari itakuwa wapi, hata kama harusi yenyewe ni mwakani.

Na pwani ya mashariki, kuanzia Matemwe na Kiwengwa kushuka hadi Bwejuu, Paje na Jambiani, ndiyo inayoonyesha jambo hili kuliko kwingine, kwa sababu kati ya ufuko na mwamba kuna uwanda mpana usio na kina. Maji yakishuka mita tatu pale, yanaondoka mbali mpaka watu wanatembea kwa miguu kutafuta pweza.

Hoteli ya pili niliyoitembelea siku hiyo ilinifundisha upande wa pili wa jambo hilohilo. Ofisa wa harusi alinishauri, kwa nia njema nadhani, tuchukue Jumamosi ya mwezi mpevu kwa sababu "bahari itakuja mpaka miguuni pa maharusi". Akanionyesha mchangani watakapoweka upinde wa maua na viti sitini. Alipokwenda kupokea simu, mlinzi mmoja mzee aliyekuwa akitusikiliza aliniita akanionyesha ukuta wa bustani. Ulikuwa na mstari wa chumvi, umefika juu ya magoti yangu. "Dada, siku hiyo saa kumi na moja maji yapo hapa," akasema. "Viti mtaviweka wapi?"

Nilirudi saa kumi na moja kuhakikisha. Mawimbi yalikuwa yanagonga ukuta. Ufuko wote niliokanyaga asubuhi ulikuwa chini ya maji.

Tangu siku hiyo nikaacha kuuliza hoteli ina nyota ngapi, swali langu la kwanza likawa: nionyesheni ufuko wenu wakati wa bamvua, saa nne na saa kumi. Hoteli zilizonijibu bila kusita nilizihesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Nyingine zilinitumia tena picha zilezile.

Hesabu yetu ilikuja kuwa hivi. Tulitaka saa kumi na moja kuwe na mchanga wa kutosha kuketisha watu na bahari isiwe imekimbia. Siku tatu kabla ya mwezi mpevu maji hujaa kama saa nane mchana, na hayajai sana. Kufikia saa kumi na moja yameshuka nusu, yameacha mchanga uliolowa na kushikamana, ambao hata viatu vyenye kisigino havizami. Shela halikokoti vumbi. Mdogo wangu alitaka Jumamosi, kwa hiyo tulitafuta Jumamosi yenye mwezi wa namna hiyo, na ndipo tukapata tarehe. Kadi zote zilichapwa baada ya hapo.

Kuna watakaoniuliza kwa nini sikwenda tu kaskazini. Nilikwenda. Nungwi na Kendwa kina cha bahari kiko karibu na ufuko, maji hayaendi mbali, unaogelea saa yoyote, na Kendwa jua linazama baharini kama mdogo wangu alivyotaka. Kwa harusi ya vijana, ya muziki na kucheza mpaka usiku, sijaona mahali pazuri zaidi Unguja nzima. Lakini ndiyo sehemu yenye watu wengi zaidi, wageni na wachuuzi wa ufukweni, na Kendwa kila mwezi mpevu kuna dansi kubwa linalojaza watu kutoka kisiwa kizima. Shemeji alisimama pale dakika kumi akaniangalia. Sikuhitaji kumuuliza.

Basi nikarudi kwenye ramani, na humo nikaiona rasi ya Michamvi, kule barabara inakoishia baada ya Bwejuu. Ni ulimi mwembamba wa nchi. Upande mmoja unatazama bahari kuu na mawio ya jua. Upande wa pili, Kae, unatazama magharibi, ghuba ya Chwaka, na mikoko yake. Kwa hiyo unaweza kuwa pwani ya mashariki, kwenye utulivu wake, na bado jua likazama majini mbele yako. Na kwa kuwa rasi yenyewe inaukinga ufuko ule, upepo wa kusi unaovuma kutoka Mei hadi Septemba, unaopeperusha vitambaa vya mapambo Paje na kuwafurahisha watu wa tiara za kuteleza baharini, kule Kae unafika umechoka. Wapambaji wa Dar hawaulizi habari za upepo wanapotoa bei. Waulizeni nyinyi. Wakati wa kaskazi, Desemba hadi Machi, mambo hugeuka, na Nungwi, kwenye ncha ya kaskazini, hupata upepo wa uso. Kuhusu masika sina la kusema zaidi ya kwamba hoteli nyingi hufunga Aprili na Mei, na zina sababu.

Hapo bado tulikuwa hatujampata bibi.

Nilikuwa nimejiapiza sitamshawishi mtu aliyempoteza ndugu majini apande boti. Hata ningetaka, ningemwambia nini? Mwaka 2011 ilizama MV Spice Islander kule Nungwi, mwaka 2012 ikazama MV Skagit karibu na Chumbe, tena hiyo ilitoka hapahapa Dar. Boti za leo ni nyingine kabisa na mimi nazipanda bila wasiwasi, lakini hofu ya bibi haikuhitaji takwimu zangu. Mjomba ndiye aliyekwenda kuzungumza naye, peke yake. Alitoka akasema, "Ndege atapanda. Ila anasema msimweke mahali ambapo maji yanapiga usiku."

Sharti la nne, basi, na ndilo lililoamua hoteli.

Anasa, tunapoitazama kwenye picha, ni bwawa na kitanda. Ukiwa na mwanamke wa miaka themanini na mbili mwenye goti bovu, utaijua anasa ya kweli ni ipi. Nilivaa ndala nikatembea kutoka vyumbani hadi mezani katika kila hoteli iliyobaki, nikihesabu. Moja ilikuwa imejengwa juu ya jabali la matumbawe, mandhari yake yanatoa machozi, na kwenda ufukweni ni ngazi sitini na nne bila pa kushika. Nyingine njia zake zote ni mchanga laini, unaopendeza miguuni kwa mtu wa miaka thelathini. Nyingine ilikuwa na vigari vya umeme vya kubeba wageni, lakini viwili tu, kwa hoteli yenye vyumba zaidi ya hamsini. Niliingia mabafuni na kutazama kizingiti cha mahali pa kuogea. Mtaniona mtu wa ajabu. Bibi yangu aliteleza bafuni mwaka mmoja kabla ya harusi, na usiku ule sijausahau.

Hoteli tuliyoichukua Michamvi haikuwa ya ghali kuliko zote wala haikuwa na bwawa kubwa. Vyumba vyake vinne vya mwisho viko nyuma ya bustani, chini ya miembe, hatua tisini kutoka majini kwa njia ya mawe bapa. Nikamwambia mpishi mkuu kwamba tutakuwa na mzee. Hakunipa orodha ya vyakula. Aliuliza, "Asubuhi huwa anakunywa nini? Meno yapo?" Nikamwambia anakula ndizi na maharage, anakunywa chai ya tangawizi isiyo na sukari. Akaandika kwenye daftari lake dogo, kwa mkono. Hapohapo nikampigia mjomba.

Ndizi zenyewe tulizinunua Mabibo, soko la Mahakama ya Ndizi, mikungu miwili, wakavuka nayo vijana kwa boti.

Suala la ndoa na michango nitalieleza kwa ufupi, kwa sababu kila familia ina yake. Sisi ni Wakatoliki, na paroko wetu alitueleza mapema kwamba ndoa inafungwa kanisani, ufukweni hapana. Hilo likatusaidia. Misa ilikuwa Dar, Jumamosi moja kabla, na baada ya misa tukala ukumbini na watu wote waliochanga, majirani, wa jumuiya, wa kazini. Sijui ningemtazamaje usoni mtu aliyetoa elfu hamsini yake kwa mwaka huu mgumu halafu nimwambie sherehe iko ng'ambo ya bahari, jitegemee nauli. Waliosafiri tulikuwa hamsini na wanne, ndugu wa pande zote mbili na marafiki wachache sana, na ufukweni ilikuwa saa ya wazee kuwabariki maharusi na kula pamoja. Wenzetu Waislamu niliozungumza nao wamefanya mpango wa namna hiyohiyo, nikaha msikitini Dar na karamu kisiwani. Wao waangalie pia kalenda ya Ramadhani. Kuna familia moja iliyolipa advansi kwa tarehe iliyoangukia ndani ya mfungo, na walikuja kuligundua wakati kadi zimeshatoka.

Kwenye mkataba, someni kila mstari, na anayejua Kiingereza cha mikataba awasomee wengine. Ulizeni kama mpiga picha na mshereheshaji mnaotoka nao Dar watahesabiwa kama wageni wa kulipiwa chakula. Sehemu nyingine huhesabiwa. Ulizeni ada ya kuleta mpambaji wenu na keki yenu. Ulizeni siku hiyo kuna harusi nyingine, maana hoteli moja niliyokuwa nimeipenda ilikuwa imeshapokea bibi harusi mwingine saa ileile na haikuona haja ya kutuambia. Ulizeni bei ya wakazi, na muipate kwa shilingi. Tangu kanuni za mwaka 2025 bei za humu nchini hazitakiwi kutangazwa kwa dola. Kama mna ndugu wa kutoka nje ya nchi, wajue kwamba tangu 1 Oktoba 2024 mgeni wa nje anayeingia Zanzibar anapaswa kuwa na bima ya safari inayotolewa kule, dola 44. Na ulizeni jenereta. Umeme wa Unguja unatoka huku bara kwa waya unaopita chini ya bahari, kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba, na watu wa kisiwani hawajasahau jinsi umeme huo ulivyokatika Desemba 2009 wakakaa gizani miezi mitatu. Siku hizi kuna waya mwingine mpya, lakini mimi niliomba liwashwe mbele yangu, nikalisikia likinguruma.

Ijumaa tuliyosafiri, bibi aliketi dirishani, rozari mkononi, macho kayafumba. Ni dakika ishirini tu hewani. Alipoyafumbua tulikuwa tunatua, na swali lake la kwanza lilikuwa kama mizigo yetu imefika. Njia nzima hadi Michamvi alitazama upande wa msitu na mashamba. Tulifika giza limeingia. Alikula, akasali, akalala chini ya miembe yake, na asubuhi akaniambia hakusikia maji usiku kucha.

Jumamosi, saa mbili asubuhi, nilikuwa ufukweni na wapambaji nikawaonyesha mwisho wa viti. Nikageuka nikamwona bibi anakuja taratibu kwenye njia ya mawe, kitenge begani, kijana wa hoteli kamshika mkono. Sikuwa nimemwambia aje. Akafika mwisho wa mawe, akasimama. Bahari ilikuwa imepwa, imejivuta kuelekea katikati ya ghuba, na mbele yetu palikuwa na mchanga mtupu, vijidimbwi, na kaa wadogo wanakimbia huku na huku. Bibi amekulia kando ya ziwa. Ziwa Victoria halijai wala halipwi kwa namna ambayo jicho litaiona. Miaka yake yote maji yalikuwa pale yalipo, asubuhi na jioni.

"Maji yamekwenda wapi?" akaniuliza.

"Yamepwa, bibi. Yatarudi."

"Saa ngapi?"

"Saa nane mchana yatakuwa yamejaa."

Alitazama kule yalikokwenda muda mrefu. Kisha akamwambia yule kijana amletee kiti, na chai yake aletewe palepale, kwenye mawe, kwa sababu alitaka kuyaona yanavyorudi.